Kusoma na Kuandika kwa Matumizi: Kiingereza cha Sekondari mjini Songea

Mtoto wa kata ya Lizaboni au Bombambili mjini Songea anayeingia kidato cha kwanza amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba. Akivuka kwenda sekondari, jiografia na baiolojia zinageuka Kiingereza. Kozi ya utangulizi ya wiki chache haitoshi kuziba pengo hilo. Kwa watoto waliokulia kwenye Kingoni au Kimatengo, hii ni lugha ya tatu.

Tatizo hili ni la nchi nzima, na si jipya. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi elimu ya juu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kusomea masomo mengine, lakini wakashauri kiendelee kutumika. Uliofuata ni mradi wa msaada wa Uingereza uliojaza shule vitabu vyepesi vya hadithi. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipande cha busara katika sakata lote: mtu hujifunza kusoma kwa kusoma.

Vitabu vya namna hiyo bado vipo. Wanafunzi wa vidato vya chini wamekuwa wakisoma Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyote vya Richard Mabala. Wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala na Spared cha Ndunguru. Lakini nakala zikiwa chache, wanafunzi hukimbilia notsi za dhamira na wahusika. Mtihani wanaweza kuujibu. Kitabu chenyewe hawajakifungua.

Kusoma kwa matumizi ni jambo jingine: kutafuta taarifa moja ndani ya maandishi na kuifanyia kazi. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, basi mwalimu aje darasani na mfuko mtupu wa mbolea ya kupandia. Umeandikwa DAP, 18-46-0, pamoja na uzito na maelekezo. Wanafunzi wapewe dakika tatu kutafuta namba ya kwanza inahusu nini (ni asilimia ya naitrojeni), mfuko una kilo ngapi, na uhifadhiwe wapi. Kisha waandike kwa Kiingereza barua fupi kwa mwenye duka la pembejeo: mfuko umefika umechanika na uzito umepungua. Barua hiyo ina sababu ya kuandikwa, na mwandishi analazimika kutaja tarehe, kiasi na anachodai.

Linganisha na barua ya maombi ya kazi inayokaririwa. Anwani mbili zipo mahali pake, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, mwisho kuna Yours faithfully na sahihi. Katikati hamna kitu: mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu, kama waombaji wote arobaini wa darasa lile. Umbo lina alama zake katika mtihani, sawa, ila mwajiri anatafuta ulichofanya na ulipokifanyia.

Usahihishaji ndio unaomchosha mwalimu, hasa wa shule ya kata mwenye mikondo kadhaa. Akiweka wino mwekundu kila mahali, mwanafunzi anaangalia alama na kufunga daftari. Afadhali wiki hii ashughulikie nyakati za vitenzi peke yake, na barua ileile iandikwe upya.

Muhtasari wa Kiswahili nao unafundisha barua rasmi, matangazo na kumbukumbu za mikutano, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hupokea barua za maombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo walimu wa masomo hayo mawili katika shule moja wapange pamoja: barua ipangwe hoja zake kwanza kwenye kipindi cha Kiswahili, kisha iandikwe kwa Kiingereza wiki hiyohiyo.