Tarehe iliyofunikwa: historia fupi ya kupanga kurasa kwa CSS

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mwaka 2006, kisha niwaeleze lilitoka wapi, maana nilipolichimbua niligundua kwamba mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani.

Mwaka huo nilikuwa nimetengeneza tovuti ya ushirika mdogo wa wakulima huko Nakuru. Ukurasa wa mbele ulikuwa na kisanduku cha matangazo juu na kisanduku cha picha chini yake. Vyote viwili nilivipanga kwa amri ya "position: absolute". Cha kwanza kilianza pikseli 120 kutoka juu, cha pili pikseli 300. Kwenye tarakilishi yangu ulipendeza kweli kweli. Wiki chache baadaye karani akaongeza mistari miwili kwenye tangazo: malipo yameahirishwa kutoka Jumanne hadi Ijumaa. Mistari hiyo ikashuka na kuingia chini ya picha, isionekane.

Mama mmoja alikuwa ameusoma ukurasa huo kwenye saiba kule Molo. Jumanne akafunga safari, akafika Nakuru, akakuta dirisha la malipo limefungwa. Siku hiyo nilikuwa pale ofisini. "Kijana wangu," akaniambia, "niliusoma wote mpaka chini. Hakuna mahali pameandikwa Ijumaa." Nikaufungua ukurasa ili nimwonyeshe. Alikuwa anasema kweli. "Nisamehe, mama, kosa ni langu," nikamwambia, lakini nauli yake ilikuwa imekwisha kwenda.

Usiku ule nilianza kusoma historia ya CSS. Niliyoyapata, pamoja na yaliyotokea baadaye, ndiyo haya.

Tim Berners-Lee alipoanzisha Wavuti pale CERN, ukurasa ulikuwa maandishi yanayotiririka kutoka juu kwenda chini. Dirisha likiwa pana, mistari inarefuka. Likiwa jembamba, mistari inakatika mapema na ukurasa unarefuka. Hakuna kitu kinachofunika kingine. Kwa hiyo ukurasa ulizaliwa ukiwa unanyumbulika. Sisi ndio tuliokuja kuukaza.

Tarehe 10 Oktoba 1994, Mnorwe Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitoa pendekezo la lugha ya mitindo ya kurasa. Mholanzi Bert Bos akaungana naye, na CSS ya kwanza ikapitishwa na W3C Desemba 1996. Lugha hiyo ilishughulikia rangi, herufi, pambizo na mipaka. Njia ya kugawa ukurasa kuwa safu haikuwamo. Kilichokuwamo ni "float", yaani kuelea: unaisukuma picha kushoto au kulia, na maandishi yanaizunguka, kama gazetini. Basi. Kuna rasimu ya mwaka huo huo wa 1996 iliyopendekeza kuugawa ukurasa katika vyumba kwa kutumia CSS, lakini ikabaki kwenye karatasi. Ikumbuke rasimu hiyo, tutairudia.

Wabunifu hawakuwa na subira. Walitaka safu tatu, na walizitaka leo. Wakachukua majedwali, yaliyokusudiwa kubeba takwimu, wakayatumia kupangia ukurasa mzima. Mmarekani David Siegel, katika kitabu chake cha mwaka 1996, aliwafundisha wengi ujanja wa picha ya GIF ya pikseli moja isiyoonekana: unaivuta kwa upana unaoutaka, nayo inasukuma vitu vingine mahali pake. Mwaka 1997 Siegel mwenyewe aliandika makala akikiri kwamba Wavuti imeharibika na kwamba yeye ni mmoja wa walioiharibu. Mimi pia niliyatumia majedwali hayo, jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, mpaka sijui tena mlango uko wapi.

CSS ya pili ikapitishwa Mei 1998, na ndani yake ikaja "position". Hapa ndipo kosa langu lilipo, kwa hiyo twende polepole.

Elementi yenye "static" inakaa kwenye mtiririko wa kawaida, na hiyo ndiyo hali ya kila elementi usipoigusa. Yenye "relative" inasogea kidogo kutoka mahali pake, lakini nafasi yake ya awali inabaki imeshikiliwa, kama mtu aliyeacha koti kwenye kiti. Yenye "absolute" inang'olewa kabisa kwenye mtiririko. Wenzake hawaioni tena, hawaisogelei wala hawaipishi. Vipimo vyake vinahesabiwa kutoka kwa mzazi wa karibu aliyepewa "position" isiyo "static". Asipopatikana, vinahesabiwa kutoka mwanzo wa ukurasa. Yenye "fixed" inashikamana na dirisha lenyewe, hata ukisogeza ukurasa.

Sasa umeona? Visanduku vyangu viwili havikujuana. Cha juu kilipopata mistari miwili zaidi, cha chini hakikuwa na habari kwamba kinapaswa kushuka. Nilikuwa nimepanga ukurasa kama mtu anayebandika karatasi ukutani, nikidhani maneno hayataongezeka kamwe.

Basi kwa nini watu hawakutumia njia nyingine? Kwa sababu vivinjari havikupatana. Mfano ni upana wa kisanduku. Ukiandika upana wa pikseli 200, nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande na mpaka wa pikseli 5 kila upande, kanuni ya W3C inasema kisanduku kizima ni pikseli 250. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu kila kitu ndani ya zile 200. Ukurasa uliokaa sawa hapa ulivunjika kule. Internet Explorer 6, iliyotoka 2001, ilirekebisha hesabu hiyo kwa kurasa zilizoanza na tamko sahihi la aina ya hati, lakini haikuijua "fixed", na toleo lililofuata lilikuja Oktoba 2006. Miaka mitano tunasubiri!

Hata hivyo kulikuwa na matumaini. Mwaka 2002 Wired News walibadilisha tovuti yao nzima, wakaacha kuipanga kwa majedwali na kuhamia CSS. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea akafungua CSS Zen Garden, ambapo HTML ile ile moja ilivaa sura nyingi kwa kubadilisha faili ya CSS tu. Lakini angalia zana waliyoitegemea wengi: "float", ile ya kuzungushia picha maandishi. Januari 2006, Matthew Levine alichapisha katika jarida la A List Apart njia ya kupata safu tatu, mbili za kando zenye upana maalumu na ya katikati inayonyumbulika, kwa kuelea na pambizo hasi. Njia yenyewe iliitwa kwa jina la kikombe kitakatifu cha hadithi za kale za Ulaya. Fikiria, safu tatu tu, na kuzipata kulihesabiwa kama kupata kikombe hicho!

Wakati sisi tunahangaika na safu, John Allsopp wa Australia alikuwa amekwisha kutuonya. Aprili 2000, katika jarida hilo hilo, aliandika kwamba mbunifu wa karatasi amezoea kutawala ukurasa, na kwamba kunyumbulika kwa Wavuti si kasoro ya kurekebishwa bali ndiyo nguvu yake. Wengi tulimsoma, tukaitikia, kisha tukaendelea kuandika pikseli 760.

Kilichotushinda nguvu ni simu. Opera Mini ilitolewa kwa ulimwengu mzima Januari 2006, na hapa kwetu Wakenya wengi waliijua intaneti kwa mara ya kwanza kupitia hiyo, kwenye skrini ndogo, huku wakihesabu kila kilobaiti. Na mkuu wa teknolojia wa kampuni ya Opera miaka hiyo alikuwa nani? Håkon Wium Lie, yule yule wa 1994. Mei 2010 Ethan Marcotte akaunganisha mambo matatu: gridi zinazopimwa kwa asilimia, picha zinazopungua kufuata nafasi, na kanuni za CSS zinazobadilika kufuata upana wa skrini. Ukurasa mmoja ukatosha simu na tarakilishi.

Zana zenyewe zilichelewa. Rasimu ya kwanza ya fleksiboksi ilitoka 2009, ikabadilishwa maneno mara mbili, na kufikia 2012 ikatulia kwenye "display: flex". Hii hupanga vitu katika mstari mmoja, wa kulala au wa kusimama, na kuvigawia nafasi iliyobaki. Gridi ya CSS, inayopanga mistari na safu kwa pamoja, ilipendekezwa na Microsoft 2011, ikaboreshwa, kisha Machi 2017 ikaingia Firefox, Chrome na Safari ndani ya mwezi mmoja. Hesabu mwenyewe: kutoka ile rasimu ya vyumba ya 1996 hadi 2017 ni miaka 21. Kwa miaka 21 tuliazima: jedwali la takwimu, kuelea kwa picha, kubandika kwa "absolute". Kila cha kuazima kilikuja na deni lake, na deni lenyewe mara nyingi lililipwa na msomaji.

Je, "absolute" ni mbaya? Hapana. Ni nzuri kwa kitu kinachokusudiwa kukaa juu ya kingine: kitufe cha kufungia dirisha dogo, nambari ya ujumbe kwenye pembe ya alama. Mpe mzazi "relative", kisha mtoto "absolute", na kila kitu kitakaa mahali pake. Ila sehemu kuu za ukurasa, zile zenye maneno yanayoweza kuongezeka, ziachie mtiririko, fleksiboksi au gridi, ili moja ikikua nyingine isogee.

Ile tovuti ya Nakuru niliirekebisha wiki ile ile. Nilifuta "absolute" zote mbili na kuviacha visanduku vifuatane kama HTML ilivyotaka tangu mwanzo. Amri nilizofuta zilikuwa nyingi kuliko nilizoandika. Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhi ukurasa kwa mtu yeyote, huongeza mistari kumi ya maneno ya ovyo katika kila kisanduku, nakuza herufi, nalipunguza dirisha mpaka liwe jembamba kama simu, kisha natafuta neno lililofunikwa. Lisipokuwapo, nakabidhi.

Jaribuni na nyinyi leo kwenye kurasa zenu. Mkiona kitu kimejificha, mjue kuna mtu mahali fulani anakaribia kupanda matatu siku isiyo yake. Haya, tuonane tena.