Walimu wa Pwani Mjini Berlin

Mtu atumwaye kufanya kazi ng'ambo hana budi ajifunze kwanza lugha ya wenyeji, ada zao na namna ya kuihifadhi afya yake katika hewa asiyoizoea. Na hilo Serikali ya Wadachi ililitambua mapema, hata mwaka 1887, ilhali mamlaka yake katika Afrika ya Mashariki yalikuwa ndiyo kwanza yaanza, ikafungua mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo maofisa wengi walipitia kabla ya kupanda merikebu.

Mafunzo ya Kiswahili yaligawanywa baina ya watu wawili: profesa wa Kidachi, kwanza Carl Büttner na baada yake Carl Velten, alifundisha sarufi, na mwenyeji wa Pwani yetu aliwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Miongoni mwa wenyeji hao walikuwa Sleman bin Said na Amur bin Nasur wa Unguja. Kisha mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda aliyesoma Bagamoyo, ambaye kalamu yake ndiyo iliyoandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Velten mwaka 1903. Humo mgeni hupata kujua jinsi mtoto apewavyo jina, unyago uchezwavyo, posa ipelekwavyo na maiti azikwavyo, mambo ambayo ofisa akiyapuuza aweza kuuvunjia mji mzima heshima pasipo kukusudia.

Walakini walimu hao nao walikuwa waajiriwa waliotumwa ughaibuni, wala hapakuwa na darasa lililowafunza Wadachi namna ya kukaa nao. Mtoro alidharauliwa na baadhi ya wale wale aliowafundisha; na alipokwisha kumwoa binti wa Kidachi mwaka 1904, akasafiri naye mwaka uliofuata kurejea kwao, watawala wa koloni waliwakataza wasishuke pamoja pwani, basi akalazimika kurudi Udachi, alikoishi hadi kufa kwake mwaka 1927.

Kwa hiyo, ijapokuwa Seminari ile yastahili sifa kwa kuwa haikumtuma mtu gizani, ilmu yake ilikuwa ya upande mmoja: ilimfunza mtawala kuwajua watu atakaowaamrisha, isiwafunze wenye mji kumstahi mgeni aliyewafundisha. Nao waajiri wa leo wawatumao watu wao nchi za mbali watafanya insafu wakiwaandaa wapokeaji sawasawa na wasafiri.