Ngazi ya Mafundi

Mwaka 1799, matajiri wa London wakiongozwa na Count Rumford walianzisha Royal Institution. Nia yao ilikuwa kueneza sayansi yenye manufaa kwa njia ya mihadhara, na majaribio yafanywe pale pale, watu wakitazama. Walinunua nyumba Albemarle Street, wakajenga ukumbi. Msanifu wao, Thomas Webster, akaweka kitu ambacho mimi hukifikiria sana: ngazi ya mawe iliyotoka barabarani moja kwa moja hadi roshani ya juu. Ngazi hiyo ilikuwa ya mafundi. Mwashi, seremala au mhunzi angepanda na nguo zake za kazi, akakaa juu akasikiliza, bila kupishana na mabwana na mabibi walioingilia mlango mkubwa.

Ubaguzi? Ndio. Lakini angalau njia ilikuwepo. Haikupita miaka mingi ngazi ikabomolewa. Webster alikuja kusimulia kwamba wakubwa waliona kuwafunza watu wa chini sayansi kuna harufu ya siasa. Hofu yao ilikuwa na chanzo: ng'ambo tu ya bahari, mwaka 1793, Wafaransa walikuwa wamemkata mfalme wao kichwa. Leo fundi atauliza kwa nini radi hupiga; kesho, nani ajuaye, atauliza kwa nini mkate umepanda bei.

Basi ukumbi ukabaki wa wenye nafasi, na ukajaa kweli kweli. Humphry Davy, mkemia kijana mwenye ulimi mtamu, aliwavuta watu hadi magari ya farasi yakasongamana Albemarle Street, ikabidi yaelekezwe upande mmoja tu.

Lakini ukibomoa ngazi hujabomoa kiu. Kwingineko mjini, fundi wa vyombo vya fedha aitwaye John Tatum alikuwa akifungua nyumba yake jioni na kutoa mihadhara ya sayansi. Kiingilio: shilingi moja. Mwaka 1810 aliingia hapo kijana aliyekuwa mwanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Shule alikuwa amesoma kidogo tu, kusoma, kuandika na hesabu. Kemia na umeme alivikuta ndani ya vitabu vya wateja, akivishona mchana na kuvisoma baada ya kazi. Hata hiyo shilingi hakuwa nayo. Alilipiwa na kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Kijana huyo ni Michael Faraday.

Mwaka 1812, mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za kumsikiliza Davy. Akakaa juu, kwenye roshani. Aliandika kila alichosikia, akachora vifaa, akayajalidi maandishi yake kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Sasa tazama kilichofuata. Agosti 1831, akiwa na pete ya chuma iliyozungushiwa waya pande mbili, Faraday aliona sindano ya kipimo ikishtuka kila alipounganisha na kukata umeme wa upande wa pili. Wiki chache baadaye alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa, na umeme ukapita. Kwa ufupi, ukitikisa sumaku karibu na waya, unapata umeme. Mvuke unaozungusha mitambo kule Olkaria unafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Taa inayokuwezesha kusoma usiku ina deni na shilingi ya mhunzi.

Faraday hakusahau alikotoka. Katikati ya miaka ya 1820 alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni, na ile ya Krismasi kwa ajili ya vijana, ambayo inaendelea hadi leo. Katika mihadhara yake kuhusu mshumaa, aliwasha mshumaa wa kawaida, akavuta mvuke kutoka katikati ya mwali kwa kijibomba cha kioo, kisha akauwasha kwenye ncha ya pili. Watoto wakaona wenyewe kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta. Mshumaa, nani hana?

Hata hivyo, Ijumaa zake zilikuwa za wanachama na wageni wao. Mjalidi wa miaka 20 bado angehitaji mtu wa kumshika mkono amwingize. Hata Faraday hakuijenga upya ile ngazi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ikiwa imenishinda, kwa hivyo nikisikia jioni ya sayansi kwa umma imetangazwa, macho yangu yanaenda kwanza kwenye maneno madogo ya chini: kiingilio pesa ngapi, inaanza saa ngapi, na matatu ya mwisho ya kurudi mtaani inaondoka saa ngapi. Wanaoandaa hupenda kuhesabu viti vilivyojaa. Ukumbi wa Davy ulikuwa umejaa pia. Aliyekuja kubadilisha dunia alikuwa nje, akisubiri tiketi ya mtu mwingine, na akina Robert wangapi hawakuwa na shilingi ya pili ya kumpa mdogo wao, hakuna aliyewahi kuwahesabu.