Kamchape wa Ufipa na wanyongwaji wa Salem

Kila baada ya miaka michache habari hurudi ileile: Kamchape, wasaka wachawi wanaotembea kijiji kwa kijiji, wameingia kijijini. Siku za karibuni imesikika zaidi kutoka Kigoma. Huku kwetu Rukwa wenzao huitwa lambalamba. Uongozi wa mkoa hupiga marufuku, polisi hukamata wachache, na kabla vumbi halijatua kijiji kingine kimeshachanga fedha za kuwaita. Kisha tunarudi kwenye ubishi wetu wa siku zote, kama uchawi upo au haupo, na Sumbawanga inaongezewa utani mwingine wa radi za kichawi.

Kamchape si jambo la jana. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyeishi Ufipa, huku kwetu Rukwa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona wakipita vijijini mwaka 1963 na 1964, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Mwaka 1968 aliandika makala juu yao katika jarida la Africa. Jarida hilohilo lilikuwa limechapisha mwaka 1935 makala ya Audrey Richards kuhusu watangulizi wao, Mchapi, waliotokea Nyasaland na kuenea kwa Wabemba, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Richards anawaeleza kwa karibu. Walikuwa vijana waliovaa kizungu. Waliwapanga wanakijiji mstari na kuwapitisha nyuma yao mmoja mmoja, huku wakiwatazama kwenye kioo kidogo. Aliyenaswa na kioo kuwa mchawi alitakiwa kutoa pembe zake za dawa, na pembe zikarundikwa kando ya njia kila mpita njia azione. Richards hakuishia kuliangalia rundo hilo. Alilichambua, akakuta kilichokuwa na nia mbaya ni kidogo sana. Vingine vyote vilikuwa dawa za kawaida, za kujikinga na za kutafutia bahati. Watu walikuwa wameaibishwa hadharani kwa dawa ambazo karibu kila nyumba ilikuwa nazo.

Willis aliona jambo jingine tena. Waliosafisha walikuwa vijana, na waliotuhumiwa zaidi walikuwa wazee, wale wenye sauti kijijini. Kijana ambaye jana hakuwa na la kusema barazani, leo anamwamuru babu anyoe nywele ili asafishwe uchawi. Tukumbuke hilo, maana ndilo linalotupeleka Marekani.

Tarehe 22 Januari 1953, katika ukumbi wa Martin Beck jijini New York, ilifunguliwa tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible. Inahusu Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wasichana wamefumaniwa usiku wakicheza msituni pamoja na Tituba, mtumwa kutoka Barbados. Ili wasichapwe, wanasema wamerogwa, wanaanza kutaja majina, na mahakama inawasadiki. Katika tukio halisi watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey, wa miaka kama 80, alirundikiwa mawe kifuani mpaka akakata roho kwa kukataa kujibu mashtaka.

Mtu wa Ufipa akiitazama tamthilia hii hahitaji kuelezwa wahusika. Ann Putnam amezika vichanga saba na anatafuta wa kumlaumu, basi bibi Rebecca Nurse, mcha Mungu mwenye wajukuu wengi, anaambiwa ndiye aliyewaua. Mumewe, Thomas Putnam, anayamezea mate mashamba ya majirani. Abigail Williams alikuwa mtumishi nyumbani kwa John Proctor, akatembea na baba mwenye nyumba, akafukuzwa na mke. Sasa ana mahakama nzima mkononi, na jina la kwanza analolitaka ni la mke huyo. (Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12 na Proctor alikuwa na umri wa kama miaka 60. Hayo mapenzi Miller aliyatunga, na wanahistoria hawajamsamehe.) Halafu yupo Mchungaji Hale, mgeni aliyeitwa kutoka mji mwingine kwa sababu ni bingwa wa kutambua wachawi. Anaingia na vitabu vizito mikononi. Huyo ndiye Kamchape wa Salem, tofauti ni kioo tu.

Mtego wenyewe ni mmoja, Salem na Ufipa. Aliyekiri anaachiwa, anayekana anakufa. Kijijini, anayekubali kunyolewa na kunywa dawa anarudi kwenye pombe na wenzake. Anayekataa amejihukumu mwenyewe, maana lisemwalo lipo. Proctor anafika mahali anakubali kukiri uongo ili aishi, ila wanapotaka karatasi yenye sahihi yake ibandikwe mlangoni mwa kanisa, anaichana na kwenda kunyongwa.

Miller alikuwa na sababu zake. Enzi hizo kamati ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa ikiwasaka wakomunisti, na wasanii waliitwa mmoja mmoja: taja wenzako au upoteze kazi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Elia Kazan, mwongozaji aliyempa umaarufu mwaka 1949 kwa Death of a Salesman, ile ya Willy Loman, mwuzaji mzee anayeishi kwa ndoto mpaka kampuni inamtupa. Aprili 1952 Kazan alisimama mbele ya kamati akataja wenzake wanane wa zamani katika kikundi cha maigizo.

Katika kitabu cha maisha yake, Timebends, Miller anasimulia kwamba siku hizo alipita kwa Kazan akiwa njiani kwenda Salem kusoma majalada ya kesi. Walitembea msituni, Kazan akamwambia uamuzi wake. Wakati wa kuagana, Molly, mke wa Kazan, aliuliza safari ni ya wapi. Aliposikia Salem alielewa papo hapo, akapinga: wachawi hawakuwapo, wakomunisti wapo, vitu hivyo havilingani. Miller aliondoka, na urafiki ukavunjika.

Hata hivyo ugomvi uliendelea jukwaani na kwenye sinema. Mwaka 1954 Kazan alitoa filamu ya On the Waterfront, ambamo shujaa ni mtu anayetoa ushahidi dhidi ya wenzake bandarini. Mwaka uliofuata Miller akajibu kwa A View from the Bridge: Eddie Carbone, kuli wa bandari ya Brooklyn, anawachongea ndugu za mkewe kwa maofisa wa uhamiaji na kufa akidai arudishiwe heshima ya jina lake. Juni 1956 kamati ilimwita Miller mwenyewe. Alisema yote yanayomhusu, akakataa kutaja mtu. Alitiwa hatiani kwa kuidharau kamati, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikamfutia hatia. Mwaka 1964 yeye na Kazan walifanya kazi pamoja tena, katika After the Fall, mwaka uleule ambao Kamchape walikuwa wakizunguka Ufipa.

Ninamrudia Molly kwa sababu hoja yake ina nguvu, na hapa kwetu inageuka. Wengi Sumbawanga watakwambia wachawi wapo, hivyo Kamchape hawakosei. Lakini hata tukikubali hivyo, je, kile kioo kiliona nini? Wakomunisti walikuwapo kweli Marekani, na bado watu walipoteza kazi kwa sababu tu jina lao lilitajwa na mtu mwenye hofu. Ubishi wa upo-haupo unamfaa sana mtuhumu, maana wakati tunabishana hakuna anayemuuliza ushahidi wake wala anachokipata. Kwa Putnam kilikuwa shamba. Kwa Abigail, mume wa mtu. Kwa Kamchape ni ada.

Tangu hapo mengi yamepita. Filamu ya The Crucible ilitoka mwaka 1996. Mwaka 2022 Massachusetts ilimfutia hatia Elizabeth Johnson, wa mwisho kati ya waliohukumiwa Salem, baada ya wanafunzi wa shule kumpigania. Huku kwetu ajuza mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni bado anaogopa jirani akifiwa.

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Ebrahim Hussein akampandisha Kinjeketile jukwaani mwaka 1969. Mwandishi wa Rukwa atakayeiandika Kamchape ataikuta hadithi imekwisha kujiandika nusu.

Sheria hatukosi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Sura ya 18, ingali hai, na inamtia hatiani anayejidai kuwa na uchawi pamoja na anayemsingizia mwenzake bila kufuata utaratibu wa kisheria. Wenyeviti wa vijiji wanaopitisha daftari la michango ya lambalamba wanajulikana kwa majina. Tuanzie kwao.