Sange, 2 Julai 2010: tusiwaite wezi

Wengi wetu tulipita Sange tukikimbia, kwenye ile barabara ya Uvira na Bukavu. Jioni ya 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, esansi ikamwagika. Kuna waliokuja na vidumu kuchota. Kuna waliokuwa wamejaa kwenye vibanda wanaangalia Kombe la Dunia. Moto ulipowaka haukuchagua: nyumba za udongo na nyasi ziliungua, watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakazikwa kaburi la pamoja.

Ukitaja Sange, mtu anasema, "Si walikuwa wanaiba mafuta?" Jamani, mtoto aliyekuwa anaangalia mpira aliiba nini?

Ila tukumbushane: lori likipinduka, usisogee. Kimbia, na umvute mwenzako.