Sekunde Nane za Prescott

Mjini Prescott, Arizona, jengo la mahakama limetazamana na safu ya baa iitwayo Whiskey Row. Moto uliiteketeza safu hiyo Julai 1900. Wenyeji husimulia hadi leo jinsi wateja wa baa ya Palace walivyoibeba kaunta nzima, wakaivusha barabara hadi uwanja wa mahakama, wakaendelea kunywa.

Ni mji unaoshikilia vyake. Tangu tarehe 4 Julai 1888, wachunga ng'ombe wamekuwa wakishindana hapo katika rodeo. Wakati wa mashindano ya 1971, mwongozaji Sam Peckinpah alikwenda na kamera zake kupiga filamu ya Junior Bonner, na ugomvi wa baa aliupigia humo humo Palace.

Steve McQueen ni JR, mpanda mafahali mwenye mbavu zilizoumia. Anarudi nyumbani akimtaka tena Sunshine, fahali aliyemwangusha. Anakuta nyumba ya baba yake inabomolewa. Ardhi imeshanunuliwa na mdogo wake, Curly, mfanyabiashara wa nyumba za magurudumu. Tingatinga linapomkabili, JR anarudisha gari lake nyuma. Naiona hapo huzuni yote ya filamu: shujaa wa Magharibi hana wa kumpiga risasi, maana aliyeichukua ardhi ni ndugu yake wa damu.

Hata hivyo, moyo wa filamu ni wazazi. Ace, baba anayeota dhahabu ya Australia, ni Robert Preston. Elvira, mkewe aliyetengana naye, ni Ida Lupino, ambaye naye alikuwa mwongozaji filamu. Wanapokutana kwenye ngazi nyuma ya baa, upendo na uchovu wa miaka vinasomeka usoni mwao. Peckinpah hakuwahi kuwa mpole kiasi hicho. Naye mwenye mafahali wa rodeo ni Ben Johnson, bingwa halisi wa dunia wa kukamata ng'ombe kwa kamba, 1953.

Filamu ilipotoka 1972, watazamaji hawakuja. Walimjua Peckinpah kwa damu ya filamu yake The Wild Bunch, na filamu nyingine za rodeo zilitoka kipindi hicho hicho. Mwaka huo huo yeye na McQueen walijaza kumbi kwa The Getaway, yenye bunduki tele. Junior Bonner ikasahaulika, na haikustahili.

JR anadumu sekunde nane zinazotakiwa juu ya Sunshine. Fedha za ushindi hazirudishi ardhi ya baba. Anamkatia baba yake tiketi ya Australia, ya kwenda tu.