Mayai matatu ya Cape Crozier na safari ndefu ya kumlea pengwini

Septemba 2023, kifaranga wa pengwini kaizari alianguliwa katika bustani ya SeaWorld, San Diego, Marekani. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa pale baada ya miaka 13. Mdomo wake ulishindwa kupasua ganda, ikabidi wahudumu walitoboe na kumsaidia kutoka. Picha zake zilisambaa na watu wakafurahi. Wachache walikumbuka jinsi yai la ndege huyu lilivyowatesa waliolitafuta kwanza.

Kaizari hutaga majira ya baridi kali, yai moja tu. Jike huenda baharini kula, dume hubaki amesimama juu ya barafu, yai liko juu ya miguu yake chini ya mkunjo wa ngozi, kwa muda wa siku 65 hivi bila kula chochote. Anayelitaka yai hilo hana budi kwenda gizani.

Juni 27, 1911, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, watu wa msafara wa Kapteni Scott, walitoka Cape Evans, Antaktika, kwenda Cape Crozier wakivuta sleji zao wenyewe. Walitaka kuchunguza viinitete, kwani wataalamu wa wakati ule waliamini vingeonyesha uhusiano wa ndege na wanyama watambaao. Baridi ilishuka hadi nyuzi 60 chini ya sifuri. Dhoruba ilipeperusha hema lao, na kama wasingelipata tena wangekufa palepale. Walichukua mayai matano. Mawili yalikuwa ndani ya glavu za Cherry-Garrard, naye, kwa kuwa hakuona vizuri bila miwani, aliyavunja njiani. Walirudi Agosti 1. Mwaka uliofuata Wilson na Bowers walikufa pamoja na Scott wakirejea kutoka Ncha ya Kusini.

Ndiyo maana kisa cha 1913 kinauma hadi leo. Cherry-Garrard aliyapeleka mayai matatu yaliyosalia kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 anasimulia kwamba alipokelewa kwa ubaridi, kisha akaachwa kwenye ukumbi akisubiri stakabadhi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Baadaye alirudi na dada yake Scott, wakaambiwa hakuna mayai kama hayo. Dada huyo hakukubali. Alitishia kulitangaza jambo hilo nchi nzima, na mayai yakapatikana. Ripoti ya viinitete ilitoka 1934 tu, ikisema havikuongeza mengi. Leo jumba hilohilo limeweka yai mojawapo miongoni mwa hazina zake. Heshima hiyo ilichelewa mno.

Kulea ndege hawa kifungoni nako kulichukua muda. Bustani ya wanyama ya Edinburgh ilipata kifaranga wa pengwini mfalme mwaka 1919. Kaizari wa kwanza kuanguliwa nje ya Antaktika alikuja 1980, San Diego, ambako taa za banda hufuata majira ya kusini ya dunia ili ndege wasipotewe na msimu. Japani ilifuata mwaka 2004.

Wako wanaosema huo ni mchezo wa kuuza tiketi. Wanakosea kupuuza ujuzi unaopatikana humo. Ni kweli, ujuzi huo una mipaka. Mwishoni mwa 2022, makoloni manne kati ya matano ya kaizari katika eneo la Bahari ya Bellingshausen, Antaktika, yalipoteza vifaranga, barafu ilipovunjika kabla hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Hakuna mashine ya kutotolesha itakayoziba pengo hilo, na anayedai kinyume anadanganya.

Lakini hapa barani kwetu ujuzi huo unafanya kazi. Huko Cape Town, shirika la SANCCOB huokota mayai ya pengwini wa Afrika yaliyotelekezwa, huyatotolesha kwa mashine, hulisha vifaranga kwa mkono, kisha huwarudisha baharini. Oktoba 2024 ndege huyo aliingizwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Serikali zinazosimamia uvuvi wa dagaa katika maji hayo zimwachie chakula chake.